Mwajiri: Ghati Werema

Sehemu ya Sita

Bhoke hakuiachia ile kola.

Wiki iliyopita tulimwacha Ghati Werema amebanwa kwenye meza ya duka lake la vitenge pale Iringo, mjini Musoma, na Bhoke, mwanamke ambaye hajawahi kumwona tangu azaliwe. Mkono mmoja wa mwanamke yule ulikuwa kwenye kola ya Ghati. Mkono wa pili ulikuwa umeshika kikaratasi kilichokunjwakunjwa. Na neno lililomtoka ndilo lililotufanya wengine tukose usingizi wiki nzima:

"Wewe ndiye mwajiri wa mume wangu!"

Sasa twende.

"Niachie," Ghati alisema kwa shida. "Niachie tuongee, dada. Mimi nimwajiri nani? Hata wa kufagia hapa sina!"

"Utaongea hivyo hivyo umekabwa! Magige yuko hospitali Bunda. Mashine ya pamba imekula mkono, wamekata hapa." Bhoke akauonyesha kwa kidevu mkono wake mwenyewe, chini ya kiwiko. "Naenda kiwandani naambiwa nenda kwa mwajiri wenu. Nauliza, mwajiri si nyie? Wananicheka. Wananiambia mama, soma slipu."

"Basi nisomee na mimi."

"Soma mwenyewe! Si mmesomaga nyie?"

Kola ikaachiwa. Slipu ya mshahara ikatupwa juu ya vitenge.

Juu kabisa kulikuwa na nembo ya kiwanda cha kuchambua pamba cha Bunda: ua kubwa la pamba limefunguka jeupe. Wafanyakazi wote waliopewa karatasi ile walikuwa wanaishia hapo. Mtu akiliona ua anajua ameajiriwa na kiwanda, anatazama kilichobaki mwisho, anaguna, anakunja. Chini ya ua maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa.

Ghati aliisogeza karatasi mlangoni kwenye mwanga.

Jina la mfanyakazi: Magige Keraryo. Kituo cha kazi: kiwandani, Bunda. Jina la mwajiri...

Ghati alifumba macho. Alipofumbua, maneno yalikuwa palepale.

Jina la mwajiri: Ghati Werema Vitenge, Iringo, Musoma.

"Na namba?" Bhoke aliuliza. "TIN ya mwajiri, si ndiyo ile pale ukutani umeitundika kwenye fremu kama picha ya harusi?"

Ghati hakuhitaji kugeuka. Namba ile ya mlipakodi aliijua kwa kichwa. Ilikuwa yake.

Mlangoni watu walikuwa wameshajaa. "Kumbe Ghati ana kiwanda!" mmoja akasema. "Na anatukopeshaga kitenge kwa kununa!"

Bhoke akatoa fomu kutoka kwenye kifua cha gauni. "Hii ni ya mfuko wa fidia. Ya kuwaambia mtu kaumia kazini. Panasainiwa na mwajiri. Asiposaini, hawaanzi hata kulisoma jina la mume wangu. Haya, saini."

Ghati alishika kalamu. Kisha akaiweka chini.

"Sisaini kitu nisichokijua. Twende ofisi ya kodi tukaulize."

"Unataka kunikimbia."

"Basi nishike mkono njia nzima."

Bhoke akamshika kweli. Walipita mjini hivyo, wameshikana kama maharusi, wote wawili wamevimba kwa hasira.

* * *

Ofisa aliyewapokea aliitwa Gloria, dada asiye na maneno mengi. Aliiandika ile namba kwenye kompyuta, akasoma, akamtazama Ghati, akasoma tena.

"Hapa unaonekana una wafanyakazi sitini na kitu."

"Sitini! Dada yangu, mimi nina meza na mita ya kupimia kitambaa."

"Kwenye slipu zao mnawakata kodi ya mshahara. Huku haijaletwa. Anayedaiwa ni wewe."

"Lakini wanafanya kazi kwa Boniphace! Kiwanda ni cha Boniphace, Bunda nzima inajua!" Bhoke akadakia.

Gloria aliigeuza slipu ili wote waione. "Watu wengi wanachanganya hapa. Anayekufokea kila asubuhi ni mmoja. Aliyeandikwa kwenye mstari wa mwajiri anaweza kuwa mwingine kabisa. Sisi tukitafuta kodi, tunaanza na huyu wa kwenye mstari, huyu mwenye TIN hii. Mtu akiumia, fomu inamfuata huyuhuyu. Hili ua hapa juu ni picha tu."

"Nani aliniandikisha?"

"Akaunti ina namba ya simu. Siwezi kukutajia yote. Mwisho wake ni sita sita moja. Ni ya kwako?"

Bhoke, aliyekuwa bado amemshika, alihisi vidole vya mwenzake vimepoa kama samaki wa barafu.

"Unaijua," Bhoke akasema.

"Naijua. Ni ya kaka yangu Onesmo."

Gloria akashusha sauti. "Kama hukuhusika, toa taarifa polisi, kisha uniletee maelezo yako kwa maandishi. Na sikiliza vizuri: usisaini chochote kama mwajiri. Ukisaini, umekubali vyote. Watu, kodi na faini."

Nje, chini ya jua la saa saba, Bhoke akauachia mkono wa Ghati.

"Kwa hiyo ukisaini unaangamia wewe. Usiposaini anaangamia Magige."

"Ndivyo alivyosema."

"Na unafanyaje?"

"Kwanza naenda Butiama," Ghati alisema, na meno yake yalikuwa yamekutana. "Kwa huyo mtoto wa mama yangu."

* * *

Onesmo Werema alikuwa anapandisha nyumba Butiama. Nyumba yenyewe si ya mchezo: vyumba vingi, baraza pana, na mabati ya rangi ya maroon ambayo mafundi walikuwa wanayagongelea misumari siku hiyo hiyo. Alipomwona dada yake anashuka kwenye bodaboda alifungua mikono.

"Mdogo wangu! Umekuja kuona nyumba!"

Ghati alimpiga slipu kifuani. "Soma."

Onesmo alisoma. Tabasamu likabaki usoni lakini macho yakaondoka.

"Ah. Hii. Nilikuwaga nataka nikwambie."

"Lini? Nikishafungwa?"

"Punguza sauti, mafundi wanasikia. Ghati, ni biashara tu. Boniphace hatakagi kuajiri watu kwa jina lake. Anataka wakala alete watu, wakala abebe mambo ya karatasi. Sharti wakala awe na TIN na leseni. Yangu ilikuwa na madeni. Ya kwako ilikuwa safi."

"Ilikuwa safi kwa sababu niliilipia! Nilikupa kitambulisho na namba yangu unisaidie kulipa kodi ya duka kwenye simu. Ya duka, Onesmo! Wewe ukaenda kunizalisha watu sitini!"

Juu ya paa nyundo zilinyamaza.

"Na hela mliyokuwa mnawakata watu iko wapi?"

Onesmo hakukusudia kutazama juu. Lakini alitazama. Mafundi nao wakatazama walipokalia, mmoja akajisogeza taratibu kama bati limemchoma.

"Nusu anachukua Boniphace," Onesmo alisema haraka. "Mimi sipatagi hata—"

"Mume wangu ni bati lipi hapo?"

Hiyo ilikuwa sauti ya Bhoke, aliyekuja na Ghati kwenye bodaboda ileile. Alikuwa amesimama kwenye rundo la mchanga, kanga imemvuka begani, hajali.

"Nakuuliza wewe baba! Mkono wa Magige ni bati lipi? Nionyeshe nikamwambie, maana anauliza kila akiamka mkono wake uko wapi!"

Onesmo alimvuta dada yake pembeni.

"Huyu umemleta wa nini? Sikiliza, mambo yanarekebishika. Boniphace kaniambia jana. Wewe kama mwajiri unaandika karatasi moja tu, kwamba Magige hakuwa mtu wenu, aliingia siku hiyo kama mpita njia, tena amelewa. Ukiandika hivyo, Boniphace analipa deni lote la kodi. Lote! Jina lako linakuwa safi, unarudi dukani."

Sitakuficha, msomaji. Ghati alifikiri. Alifikiria duka lake, mtoto wake anayesoma bweni, na fremu ile ukutani. Karatasi moja. Kwa pumzi mbili tatu alikuwa mtu anayefikiria kukubali, na Bhoke, kutoka kwenye mchanga, aliliona hilo usoni mwake.

"Nani alikusomesha?" Onesmo aliongeza, na hapo ndipo alipoharibu. "Baba alipokufa nani aliuza ng'ombe wake ukae darasani? Leo nakuomba saini moja unanitolea macho?"

"Wewe ndiye uliyenisomesha," Ghati alisema. Sauti ilikuwa imeshuka sana. "Ndiyo maana nilikupa kitambulisho bila kukuuliza. Angekuwa mtu mwingine ningemuuliza. Uliniibia kwa sababu ulijua sitakuuliza."

"Ghati..."

"Sitamkana mtu aliyekatwa mkono ili wewe umalizie baraza. Na kuanzia leo usiniite mdogo wako."

Alimpokonya slipu, akaenda zake. Nyuma yake hakusikia nyundo hata moja.

Walilala Bunda, nyumbani kwa Bhoke. Bhoke alimpa mgeni ugali na samaki aina ya furu wa kukaanga, akamtandikia vizuri. Kisha akaliburuta godoro lake mwenyewe, akalilaza mlangoni kwa ndani, akalala hapo. Alikuwa ameliona lile wazo usoni mwa Ghati. Hakuwa tayari kumwamini.

* * *

Asubuhi malori ya pamba yalikuwa yamepanga foleni kutoka getini mpaka barabara ya lami. Huu ni msimu, kiwanda hakilali. Ngurumo ya mashine ilikuwa inatetemesha hata vioo vya vibanda vya chai.

Boniphace mwenyewe alikuwa getini, shati jeupe, funguo za gari zinazunguka kidoleni. Aliwaona wanawake wawili wanakuja. Hakushtuka. Alipiga makofi.

"Jamani! Sogeeni hapa! Nyie si ndio mnanisumbuaga kila siku, pensheni yetu, kodi yetu, mkono wa Magige? Mwajiri wenu amekuja. Huyu hapa, Ghati Werema. Someni slipu zenu. Mimi nina mashine tu, watu ni wake. Mmalizane naye!"

Lo! Ilikuwa kama mtu ametupa mfupa kati ya mbwa.

Wafanyakazi walimzunguka Ghati, nywele zimejaa nyuzi za pamba kama wazee wa ghafla. Mbele yao alikuwa Yakobo, mpakiaji, mwanamume mwenye shingo ya fahali.

"Wewe ndiye unatukata?" Yakobo alinguruma. "Kila mwezi wewe?"

"Mwizi!" mwingine akapiga kelele. "Mkamateni mkoba!"

Mtu akauvuta mkoba wake. Mwingine akamsukuma. Ghati alitazama huku na huku, akaona robota la pamba lililofungwa tayari kupakiwa. Alilipanda kwa magoti, akasimama juu yake.

"Toeni slipu!" alipiga kelele. "Mwenye slipu aitoe!"

"Ya nini?"

"Toeni! Mnataka kunipiga, nipigeni mkiwa mmesoma! Msiliangalie ua. Shukeni chini, kwenye herufi ndogo. Wewe hapo mbele, soma jina la mwajiri."

Yakobo aliisogeza karatasi puani. "Ghati... Werema... Vitenge." Akainua kichwa. "Vitenge?"

"Umewahi kuniona mimi?"

"Hapana."

"Nimewahi kukupa kazi? Nimewahi kukufokea?"

"Hapana."

"Nani anakufokeaga?"

Waligeuza shingo tu, wote, upande wa shati jeupe.

"Mimi nauza vitenge Iringo! Kaka yangu aliiba namba yangu akampa huyu, na huyu akaandika jina langu mahali pa jina lake. Ili mkikatwa kodi, mwizi ni mimi. Mkikatwa mkono, mwajiri ni mimi. Pamba ikiuzwa, tajiri ni yeye! Tumeibiwa wote na mtu mmoja, halafu anatupigia makofi tuuane!"

"Uongo!" Boniphace alisema. "Karatasi inasema mwajiri ni wewe!"

Ghati akatabasamu, na ndugu msomaji, lile halikuwa tabasamu la heri.

"Mmemsikia?" aliuliza taratibu. "Anasema mwajiri ni mimi. Mmesikia wote?"

"Tumesikia!"

"Basi mwajiri wenu anatoa amri. Asiguse mtu robota. Asiwashe mtu mashine. Zimeni zilizowaka, mtoke nje. Leo hakuna kazi!"

Kwanza hakuna aliyesogea. Kisha Yakobo akavua glovu zake, akazitupa chini. Mtu wa pili akatupa zake. Mmoja akakimbilia ndani, na ngurumo ile iliyokuwa inatetemesha mji ikapungua, ikakohoa, ikafa.

Bunda ikanyamaza. Mama wa chai alitoka kibandani kutazama nini kimekufa. Madereva wa malori wakaanza kupiga honi.

"Rudini ndani!" Boniphace alikuwa amebadilika rangi. "Huyu mwanamke hana mamlaka hapa! Hawezi kuwatoa kazini! Anayewatoa kazini ni mimi, mimi ndiye—"

Akajiuma ulimi.

"Malizia," Ghati akasema kutoka juu ya robota. "Wewe ndiye nani?"

Watu waliangua kicheko, kicheko kibaya, cha miaka. Funguo zilikuwa zimeacha kuzunguka kidoleni mwa Boniphace.

Hapo Ghati akashuka. "Bhoke, nipe ile fomu."

"Yule dada wa kodi alikukataza," Bhoke alisema. Jana angemkaba aisaini. Leo aliishikilia kifuani. "Alisema ukisaini umekubali vyote."

"Alisema. Lakini Magige hawezi kusubiri mimi na Boniphace tumalize kesi. Polisi nitaenda, mahakamani nitaenda, nitasema yote. Kwanza hii iende mbele. Nipe."

Aliilaza fomu juu ya robota, watu wote wakimtazama, akaandika jina lake kwenye mstari wa mwajiri na kutia saini. Aliisaini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Bhoke alifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika. Yakobo akaanza kupiga makofi, na uwanja mzima ukamfuata.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakuwa amekasirika wala kufurahi. Boniphace alikuwa ameegemea gari lake. Alimgeukia dereva wake.

"Amesaini?"

"Amesaini, bosi. Mbele ya watu wote."

"Vizuri," Boniphace alisema, na funguo zikaanza tena kuzunguka. "Vizuri sana."

Ghati alilisikia neno lile. Aligeuka kumtazama Boniphace.

Simu ya Bhoke ikaita.

"Haloo? Ndiyo, nesi, ni mimi mke wake." Akasikiliza. Machozi yalikuwa bado yanamtiririka, lakini uso ulikuwa umeganda. "Amechukuliwa? Amechukuliwa na nani?"

Yakobo akamwonyesha kwa ishara aiweke simu kwenye spika. Uwanja ukatulia, na sauti ya nesi ikatoka nyembamba, yenye wasiwasi.

"...watu wawili na gari, mama, alfajiri hii. Wamesema wanamhamishia Mwanza kwa gharama za kazini kwake. Sisi tumepiga Mwanza kote sasa hivi, hajapokelewa popote. Na simu waliyotuachia haipatikani."

"Mliwapaje mgonjwa wangu? Mliwapaje!"

"Walikuwa na barua, mama. Barua ya mwajiri wake. Ina TIN, ina saini, kila kitu kipo sawa."

"Mwajiri gani?" Bhoke alipiga kelele. "Saini ya nani?"

Karatasi ilisikika ikifunuliwa upande wa pili.

"Imeandikwa hapa... Ghati Werema."

Makofi yalikuwa yameshakwisha zamani. Watu sitini waliitazama ile fomu juu ya robota, ambayo wino wake ulikuwa haujakauka, kisha wakamtazama aliyeitia saini. Yakobo alipiga hatua moja nyuma, kama mtu aliyekanyaga kitu.

"Sikuandika barua yoyote," Ghati alisema. "Bhoke, wallahi. Nimelala kwako. Ulilala mlangoni wewe mwenyewe!"

Bhoke aliishusha simu. Machozi yalikuwa yamemkauka ghafla, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, ya kutisha kuliko kelele zote za jana.

"Umempeleka wapi mume wangu?"